Bukta ya kuogelea ipimwe imerowa, na mwenyewe ameketi

Kila anayeniletea kitambaa cha bukta ya kuogelea huniuliza swali moja: "Fundi, iishie wapi?" Huuliza vijana wa boti za kwenda Changuu, huuliza wapishi wa hoteli za Kendwa wanaokwenda kukoga zamu ikiisha, huuliza baba zao, na siku hizi hata wageni wa kutoka Dar na Arusha walioshuka bandarini asubuhi wakakumbuka kuwa nguo ya kuogelea imebaki kitandani. Wote hao huonyesha kwa kidole pajani, na huonyesha wakiwa wamesimama wima, wakavu, mbele ya kioo changu. Hapo ndipo jambo linapoharibika, kwani hakuna anayekoga bahari akiwa amesimama wima na mkavu.

Cherehani yangu iko Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, na kazi yangu hasa ni kanzu na suruali. Bukta zilikuja zenyewe. Za dukani nyingi hushonwa kwa watu wanaokwenda pwani kuota jua na kupigwa picha, na za mitumba pale Darajani huja zikiwa zimeshachoka kiunoni. Nitaeleza ninavyopima, ninavyochagua kitambaa, na urefu gani unafaa wapi, maana pwani za Unguja na Pemba hazifanani.

Kitovu na goti

Wengi wetu hapa ni Mashafii, na tulivyosomeshwa chuoni ni kwamba uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Kitovu chenyewe na goti lenyewe, kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu, havimo ndani ya hesabu, ila huwezi kuvisitiri vilivyo baina yao bila ya kuchukua na kidogo cha kila upande. Ama katika paja, wanazuoni wana khitilafu ya tangu zamani. Ipo hadithi ya Jarhad inayosema paja ni uchi, na ipo ya Anas ya siku ya Khaybar ambayo wengine wameitolea hoja kinyume chake. Imamu Bukhari alisema ya Anas ina sanadi yenye nguvu zaidi, na ya Jarhad ndiyo ya tahadhari zaidi. Mimi ni fundi, si mufti. Anayetaka tahadhari namshonea tahadhari, na bei ni ile ile.

Jambo moja lilinifurahisha nilipolijua. Waogeleaji wa mashindano ya dunia nao wana mipaka hiyo hiyo! Tangu tarehe 1 Januari 2010, kanuni za shirikisho la kimataifa la kuogelea zinasema nguo ya mwanamume isipande juu ya kitovu wala isishuke chini ya goti. Wao walikuwa wanayakimbia yale mavazi ya plastiki ya mwili mzima yaliyovunja rekodi chungu nzima mwaka 2008 na 2009. Kwao nguo isizidi hapo, kwetu isipungue, na katikati tumekutana.

Asiye Muislamu hafungwi na fiqhi, lakini macho ya watu yapo kwa wote. Kifua wazi cha mwanamume majini hapa hakimshtui mtu. Wavuvi wetu wamevua vifua wazi tangu enzi za mababu. Kule Marekani katika miaka ya 1930 wanaume walikuwa wanakamatwa kwa kukoga vifua wazi, na hapa kwetu hilo halijawa kesi. Kesi ya kwetu inaanzia kiunoni kushuka. Kesi ya pili ni kifua hicho hicho kikishafika sokoni, lakini hiyo nitaifikia.

Kaa kwanza

Mteja wa bukta namvutia kigoda kifupi. Namwambia akae kama alivyokaa kwenye mashua, magoti yamepanda juu kuliko kiuno. Pindo litapanda inchi mbili mpaka tatu, na kwa mwenye mapaja mazito litapanda zaidi. Hiyo ndiyo bukta ambayo watu watamuona nayo kwa nusu saa nzima ya kwenda na nusu saa ya kurudi.

Mafundi tunapima mguu wa ndani, yaani kuanzia kwenye makutano ya mapaja kushuka. Kwa mtu wa kimo cha wastani, inchi 5 ni paja wazi. Akikaa, hakuna kilichobaki. Inchi 7 ndizo zinazopendwa na vijana: akisimama iko katikati ya paja, akikaa anaanza kuivutavuta. Inchi 9 hufika juu kidogo ya goti, na ndio urefu ninaomshonea asiyeniambia kitu. Anayetaka goti lisitirike hata akikaa aanze na inchi 11, na mrefu aende 12 au 13. Usiogope kwamba ndefu itakulemea majini. Kinacholemea ni kitambaa, na hicho kina sehemu yake hapo chini.

Watu husema sana urefu. Upana hausemwi, na upana ndio mchawi. Kwenye mashua mnakaa mbavu hii na mbavu hii mkitazamana, na aliye mbele yako anaitazama bukta yako kuanzia kwenye tundu la mguu. Bukta inaweza kuwa ndefu ya inchi 9 na bado ikamwonyesha mwenzako dunia nzima. Kwa hiyo mimi hupima mzunguko wa paja la chini, juu kidogo ya goti, mteja akiwa amekaa, kisha naongeza inchi nne. Paja likiwa inchi 19, pindo langu litakuwa 23. Ukipunguza chini ya hapo, ikirowa itanasa na kuchora kila kitu. Ukizidisha sana, inageuka hema.

Alikuja kijana mmoja anayefanya kazi kwenye boti.

"Shikamoo Mzee. Nikatie fupi, wenzangu wote wanavaa fupi."

"Marahaba. Ile uliyovaa sasa ni ya inchi ngapi?"

"Hii ndiyo ninayoitaka, kama hii hii."

"Haya, kaa hapo mwanangu."

Akakaa. Nikakiteremsha kioo mpaka sakafuni, mbele ya miguu yake. Hakusema kitu kwa muda, kisha akasema, "Niongezee, Mzee." Wala sikumwambia jambo la dini hata moja.

Kipimo cha tatu ni cha nyuma. Mtu akipanda boti kutoka majini anaushika ubavu wa chombo, anajivuta kwa tumbo, na kinachotangulia kuonekana na abiria wote ni mgongo wake. Bukta nyingi za dukani hukatwa nyuma na mbele karibu sawa, ndiyo maana mtu akiinama unaona alipoanzia kukaa. Nyuma iwe juu kuliko mbele kwa inchi moja na nusu, angalau. Na chini, baina ya mapaja, pale mishono minne inapokutana, usiache msalaba mtupu: tia kipande kidogo cha pembe nne ili mguu upate nafasi ya kupanuka. Bukta inayopasuka hupasukia hapo, na hupasuka siku ambayo boti imejaa.

Ndoo ya maji

Ukiwa nyumbani, usinunue wala usishone mpaka umeirowesha. Chukua ndoo, tumbukiza nguo, itoe ikiwa imerowa chapa chapa, ingiza mkono ndani na uitazame mlangoni kwenye mwanga. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, irejeshe ulikoitoa. Nyeupe karibu zote hufeli mtihani huu, na za rangi ya maziwa, njano ya mpauko na waridi hufeli pia. Buluu iliyokoza, nyeusi, kijani cha mwembe na nyekundu ya damu hupita. Zenye maua mengi au mistari hupita hata zikiwa nyepesi kidogo, kwa sababu jicho linapotea kwenye maua. Mtu mweusi kama mimi ajihadhari na hudhurungi. Ukiwa mbali ufukweni na bukta ya hudhurungi iliyorowa, watu watadhani hukuvaa kitu, na maelezo hayatafika kwa wakati.

Pamba ni nguo ya nchi kavu. Inakunywa maji, inakuwa nzito, inavuta kiuno chini, kisha inachukua saa nyingi kukauka huku imekuganda. Jinzi iliyokatwa magotini ni mbaya kuliko zote, na si kwa sababu ya kuonyesha: inamchosha muogeleaji, na mtu aliyechoka kwenye mkondo wa maji hana habari tena na nguo. Tafuta poliesta, au ile nailoni ya makoti ya mvua mepesi. Mita moja yenye upana wa inchi 60 inamtosha mtu mzima na pindo juu. Ushonwe kwa uzi wa poliesta, si wa pamba, kwa kuwa uzi wa pamba huanza kuoza kwa chumvi wakati kitambaa chenyewe bado kizima.

Sasa niseme la moyoni. Nenda pwani yoyote siku ya pili ya Idi. Utamkuta mama amekoga na dera juu, suruali chini na mtandio kichwani, na akitoka majini anashikilia nguo isimgande. Pembeni yake mumewe amevaa bukta nyeupe ya timu ya mpira, haina kitu ndani, imerowa, na amesimama mikono kiunoni akitoa maoni juu ya mavazi ya watalii. Bukta za mpira zimefanywa nyepesi ili mchezaji asitoe jasho. Kukimbilia mpira ni nzuri kabisa. Zikirowa hazisitiri, na urefu wake hausaidii kitu, hata ikifika gotini. Ndiyo maana nasema urefu ni nusu ya swali tu. Mwenye nayo na hataki kununua nyingine avae taiti nyeusi ndani yake, inayofika chini ya pindo. Taiti peke yake hapana. Ikirowa ni rangi iliyopakwa mwilini.

Neti ya ndani ina kazi mbili. Inazuia nguo ya nje isigande moja kwa moja, na inashika kinachotakiwa kushikwa wakati wa kukaa kwenye mashua. Ukinunua bukta ya mtumba, ikate neti yote utie mpya, kwa sababu zisizohitaji maelezo. Wengine huvaa boksa za pamba ndani badala ya neti. Zinarowa, zinachungulia juu ya kiuno, na zinachubua mapaja kwa chumvi. Acha.

Mifuko iwe na chini ya neti, au angalau vitundu viwili, ili maji yatoke. Mfuko uliojaa hewa huifanya bukta ikatuna na kupanda mpaka kifuani ukishuka majini, na mfuko uliojaa maji huivuta chini ukitoka. Kila upande una aibu yake.

Kiuno kwa wanaochupa

Vijana wanaochupa pale ukutani Forodhani jioni wana kipimo chao. Wanarudi nyuma, wanakimbia, wanaruka na kujipindua hewani, na watu wa pweza na mishikaki wanawashangilia. Maji yanaipiga nguo kwa nguvu yakitoka chini. Bukta yenye mpira wa kiunoni peke yake haistahimili hilo. Mara inabaki magotini, mara inabaki juu ya maji bila ya mwenyewe. Tia mpira wenye upana wa inchi moja na nusu, na ndani yake pitisha kamba ya kweli inayofungwa, mafundo mawili, ncha zimeingizwa ndani. Kamba iliyowekwa kwa urembo, iliyoshonewa mbele tu haina inakokwenda nyuma, utaijua ukiivuta: kiuno hakikazi. Ziko nyingi madukani.

Ukinunua ya mtumba, uvute mpira mpaka mwisho, uhesabu mpaka kumi, uachie. Ukirudi polepole kama mtu anayeamshwa kwa sala ya alfajiri, umeshakufa. Mpira hubadilishwa kwa fedha kidogo, lakini ujue kabla hujalipa.

Na kikoi? Nakipenda, na navaa. Lakini kikoi ni cha kabla na cha baada ya maji. Wazee walikuwa wanapiga ubinda, wanakipitisha baina ya mapaja na kukichomeka nyuma, wakaingia majini na kutoka salama. Kama huwezi kupiga ubinda ukiwa umefumba macho, usiende kujifunza kwenye mawimbi.

Wapi nini

Mji Mkongwe, bahari inaishia unapoisha mchanga. Shangani au Forodhani unaweza kukoga na bukta yako kifua wazi na hakuna atakayegeuka, lakini hatua ya kwanza ya kuingia mtaani iwe na fulana na nguo kavu chini. Mitaa yetu ni myembamba. Mtu anayepishana na wewe anapishana nawe bega kwa bega, na barazani wamekaa wazee wanasubiri salamu. Kupita hapo umerowa, kifua wazi, ni sawa na kuingia sebuleni kwao hivyo. Mabango ya kuwaomba wageni wavae kwa heshima yapo, lakini nimewaona vijana wetu wenyewe wakipita mbele ya bango na bukta inadondoka maji.

Nungwi na Kendwa ndiko watu wanakodhani hakuna mpaka. Ni kweli mbele ya hoteli utaona kila namna ya chupi, na mwenyeji akivaa inchi 7 hapo hatazamwi. Lakini Nungwi ni kijiji, tena kijiji cha mafundi wa majahazi. Wanapigilia mbao ufukweni hapo hapo, na watoto wa chuo hukatiza pwani kurudi kwao. Ukitoka mbele ya hoteli ukaanza kutembea, funga kikoi. Hakuna mstari uliochorwa mchangani, kwa hiyo funga mapema.

Paje, Bwejuu na Jambiani bahari ina tabia yake. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yanakwenda mbali, na ukitaka kukoga utatembea. Unapotembea hupiti patupu, unapita baina ya vigingi na kamba za mwani, na mwani huo ni wa kina mama, wamelima hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wao wameinama au wamekaa majini, wewe umesimama. Fikiria mwenyewe macho yao yanafikia wapi. Ndefu ya magotini, pana ya wastani, na fulana. Wale wanaoteleza kwa kamba na tiara la upepo huko Paje huvaa fulana za kubana za mikono mirefu kwa ajili ya jua, nao wameniletea wateja wengi wa hizo. Zinasitiri na zinazuia kuungua, mtu akiziweza namshauri azichukue.

Pemba ni ukweni kwangu, kwa hiyo nitasema kwa adabu. Vumawimbi, ukishapita Konde na kuumaliza msitu wa Ngezi, utakuta ufukwe mrefu mweupe na huenda usione mtu. Hapo ndipo mgeni anapojisahau. Subiri kidogo, atatokea mvuvi anaburuta ngalawa, na nyuma yake kina mama wanaokwenda kuokota kombe, na mmoja wao, kwa mtu kama mimi, anaweza kuwa mkwe. Pemba vaa ya kupita goti, rangi iliyokoza, na fulana usiivue mpaka maji yafike kiunoni. Misali ni vivyo hivyo, hata kama umekwenda kwa matumbawe: kuna wavuvi wa dago, wanaopiga kambi hapo hapo, na kisiwa kile watu wanakiheshimu kwa habari ya Nabii Khidhri, aliyeomba msala, yaani mkeka wa kusalia, akakosa, akakifanya kisiwa chenyewe ndio msala wake. Unajua mwenyewe unaingiaje mahali panapoitwa msala.

Mwezi wa Ramadhani ongeza stara kila mahali, na mchana usikoge mbele za watu mjini kama unaweza kungoja magharibi.

Chupi ya kuogelea

Kijana mmoja wa Kiunguja anayeishi Ufaransa huja kila likizo kutengeneza suruali zake kwangu. Safari moja alitoa mfukoni chupi ndogo ya buluu, ile ya pembe tatu.

"Ami, kule hii ndiyo lazima. Ukija na bukta pana wanakurudisha mlangoni."

Nilidhani ananitania. Kumbe ni kweli, mabwawa ya umma ya Ufaransa yanakataza bukta pana kwa sababu ya usafi: bukta mtu huivaa mitaani, anakalia viti vya basi, kisha anaingia nayo kwenye maji ya wenzake. Chupi huwezi kuivaa mtaani, kwa hiyo ni safi. Hoja yao imenyooka. Na zile chupi hazikubuniwa kwa ajili ya kujionyesha. Speedo ni kampuni iliyoanzia Sydney, Australia, na chupi yao maarufu ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wepesi wa kuogelea.

"Na hapa utaivaa wapi?" nikamuuliza.

"Hapa? Ami, hapa yupo mama."

Basi hilo ndilo jibu. Chupi ina mahali pake: bwawa la mazoezi, bwawa la hoteli lililozungukwa na ukuta, tena unatoka majini unajifunga taulo kabla ya kwenda kuagiza juisi. Anayehudumia mezani ni mtoto wa watu, na amesimama, na wewe umekaa. Mimi chupi hizo sizishoni, lakini simkatazi mtu kuwa nayo ndani ya bukta yake. Ndani ya bukta ni neti nzuri kabisa.

Namna ya kumwambia mgeni

Vijana wa boti huniuliza hili kuliko urefu. Mgeni amepanda na chupi, familia ya Kizanzibari iko kwenye boti hiyo hiyo, na nahodha anaona haya. Usimwambie mbele za watu, na usimwambie akiwa tayari amekaa, kwa sababu hana la kufanya. Mwambie ufukweni, kabla ya kupanda, na umwambie pamoja na kitu mkononi. Weka vikoi vitatu vinne ndani ya boti, vikavu, ndani ya mfuko usiopitisha maji. "Kaka, ukikaa upepo utakupiga, chukua hiki," kisha umwonyeshe kufunga. Wengi hushukuru, na wengi hutaka kukinunua. Ukimwambia kwa sauti ya askari, atavaa kwa hasira, na ukigeuka mgongo atavua.

Kwa mwenzako wa hapa hapa ni rahisi zaidi na vigumu zaidi. Mvute pembeni, "Ndugu yangu, bukta yako ikirowa haikusitiri." Usiongeze la pili. Atakununia mpaka jioni, kesho atakuja na nyeusi.

Watoto

Wadogo waacheni wakoge. Mtoto akifika miaka 7, umri wa kuamrishwa sala, mshonee bukta yake mwenyewe, isiwe ya kaka yake iliyokunjwa kiunoni, maana hiyo humvuka akiruka. Mpe kamba ya kufunga na mfundishe fundo. Ya mtoto iwe ya rangi kali, machungwa au nyekundu, si kwa stara, ila umuone kwa mbali akiwa majini.

Kuitunza

Ukirudi nyumbani isuuze kwa maji ya mfereji siku hiyo hiyo, usiikamue kwa kuipinda kiunoni, na uianike kivulini. Chumvi na jua ndivyo vinavyoua mpira. Baada ya msimu wa kaskazi rudia mtihani wa ndoo, kwa kuwa kitambaa kilichopita mwaka jana kinaweza kufeli mwaka huu kikishapauka na kusagika makalioni. Hapo kwa kawaida mwenyewe ndiye wa mwisho kujua, basi mpe mtu wa nyumbani akutazamie.

Wanaotaka kushonewa kwangu waje na kitambaa kilichoroweshwa tayari na kukauka, ili kikinywea kinywee kabla ya mkasi. Na wasije wiki mbili za mwisho za Ramadhani. Wakati huo nimezikwa kwenye kanzu za Idi, na bukta yako itangoja chini ya rundo mpaka sikukuu ipite.